Mtoto wa Mbwa Anang'ata: Mfundishe Meno Yangali Madogo

Umeletewa mtoto wa mbwa. Usiku wa kwanza alilia akimtafuta mama yake, wa pili akanyamaza, na sasa amezoea kabisa: kila anayepita uani anakamatwa kifundo cha mguu. Upindo wa kanga umetoboka, kandambili imekatika kamba, na mtoto mdogo wa nyumbani hataki tena kushuka barazani. Pengine mmeanza kuulizana kama mbwa huyu ni mkali, arudishwe alikotoka. Pengine baba mwenye nyumba anafurahi na kusema huyu ndiye mlinzi aliyekuwa akimtafuta. Tulieni kwanza. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili au mitatu anayeng'ata mikono na miguu hana ukali, wala halindi kitu. Anacheza, fizi zinamuwasha, na kwa kuwa hana mikono, kila anachotaka kukijua hukijua kwa mdomo. Anaweza kufundishwa aache ndani ya miezi michache, bila fimbo na karibu bila gharama, mradi watu wote wa nyumbani wakubaliane.

Kwa nini anang'ata?

Mbwa huzaliwa kibogoyo. Meno ya utoto huanza kuchomoza akiwa na wiki tatu hivi, na kufikia wiki ya nane anayo 28, membamba na makali kama miiba ya mgunga. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne meno hayo huanza kung'oka, na meno ya ukubwani, jumla 42, huwa yametimia anapofika miezi sita au saba. Wakati wa kubadili meno unaweza kuona tone la damu kwenye kitu anachoguguna, au ukaokota kijino sakafuni. Hakuna haja ya kumpeleka kwa daktari kwa ajili hiyo peke yake. Meno mengi huyameza na hayamdhuru. Lakini katika miezi hiyo fizi huvimba na kuwasha, hivyo hamu ya kutafuna huzidi. Jambo la kukumbuka ni kwamba meno haya madogo ni makali ilhali taya bado ni dhaifu. Aking'ata inauma, ila hajeruhi sana. Hiki ndicho kipindi kizuri cha kumfundisha, kwa sababu makosa yake sasa ni mikwaruzo. Makosa ya mbwa wa mwaka mmoja ni nyuzi za hospitali.

Akiwa bado kwa mama yake, kijibwa hujifunza kipimo cha meno kwa ndugu zake. Wanabingirishana, wanavutana masikio, na mmoja akikaza meno kupita kiasi, mwenzake hupiga ukelele na kuondoka. Mchezo umekwisha. Akimng'ata mama kwenye chuchu, mama huinuka na kwenda zake. Mambo hayo yakijirudia siku baada ya siku anaelewa kwamba akiumiza, anabaki peke yake. Somo hilo hufanyika zaidi kati ya wiki ya nne na ya nane. Kwetu watoto wa mbwa hugawiwa mapema mno, mara nyingine wakiwa na mwezi mmoja tu, kwa sababu mwenye mbwa amechoka kuwalisha. Kijibwa aliyetolewa hivyo hakulipata somo, na ndiyo maana huenda anang'ata kwa nguvu kuliko yule wa jirani aliyekaa wiki nane. Si mbwa mbaya. Kazi iliyokuwa ya mama na ndugu zake sasa ni yako. Na kama bado hujamchukua, mwombe mwenyewe amwache hapo mpaka atimize wiki nane.

Je, nikimfundisha asing'ate, atalinda?

Swali hili ndilo linalowazuia wengi, na linastahili jibu refu. Katika nyumba zetu nyingi mbwa hulishwa ili alinde, kwa hiyo mtu akiambiwa amfundishe mbwa kuzuia meno anaona anaharibiwa mlinzi wake.

Mbwa hulinda kwa masikio, pua na sauti. Mwizi hukimbia kwa sababu mbwa amebweka, taa zimewashwa na watu wameamka. Tabia ya kumbwekea mgeni huja yenyewe mbwa anapoanza kupevuka, bila mtu kumfundisha, na hakuna sehemu ya mafunzo haya inayoigusa. Anachopata mbwa aliyejifunza kipimo cha meno ni kitu kingine: siku mtoto atakapomkanyaga mkia gizani, atageuka kwa mshtuko, atagusa kwa meno, na ataachia kabla ya kutoboa ngozi. Mbwa ambaye hakujifunza atageuka vilevile, kwa mshtuko uleule, na atatoboa mpaka kwenye nyama. Mbwa yeyote anaweza kushtushwa au kuumizwa. Tofauti iko kwenye jeraha.

Tena mbwa aliyeachwa ang'ate tangu utotoni hachagui wezi. Anaowang'ata ni walio karibu: watoto wanaocheza uani, muuza maziwa, mpangaji wa chumba cha nyuma, bibi aliyekuja kusalimia. Wanaoumia hao wote wanakujua na watakuja kukuuliza nani atalipa matibabu.

Wapo wanaompa kijibwa pilipili ili awe mkali, au wanaomchokoza kwa kijiti. Pilipili humuunguza tumbo na kumharisha. Kijiti humfundisha kwamba mtu anayemkaribia ni adui, na mtu anayemkaribia kila siku ni wewe unayemletea chakula. Wapo pia wanaomfunga mnyororo mchana kutwa kwa imani hiyohiyo. Utafiti uliofanyika Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994 uliwalinganisha mbwa waliowahi kung'ata watu wasio wa nyumbani kwao na mbwa wa mitaa ileile ambao hawakuwahi kung'ata. Kufungwa mnyororo uani kulihusiana na uwezekano wa kung'ata karibu mara tatu zaidi. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anapoogopa, kwa hiyo hubakiwa na njia moja tu. Ukiweza, mjengee banda au uzio badala ya mnyororo.

Hatua ya kwanza: alegeze meno

Aliyeeneza sana njia ninayoieleza hapa ni Ian Dunbar, daktari wa mifugo Mwingereza aliyehamia Marekani. Anashauri kazi ifanywe kwa hatua mbili: kwanza punguza nguvu ya kung'ata, kisha punguza idadi. Kijibwa anayekatazwa kabisa kugusa kwa mdomo tangu siku ya kwanza hapati nafasi ya kujua nguvu za taya zake zikoje.

Chagua wakati ambao ameshakula na kujisaidia, wewe mwenyewe huna haraka. Kaa kwenye kigoda au mkeka, ucheze naye kwa mkono. Akigusa kwa meno bila kuumiza, endelea. Akikaza mpaka ukasikia maumivu, sema "Basi!" kwa sauti ya kawaida, na hapohapo ulegeze mkono. Usiuvute. Mkono unaovutwa haraka kwake ni windo linalokimbia, naye atalifukuza, na ngozi huchanika zaidi wakati wa kuvuta kuliko wakati wa kung'atwa. Akiachia, inuka, mgeuzie mgongo, kunja mikono, usimtazame wala usimsemeshe. Hesabu polepole mpaka 20 au 30. Ametulia? Rudi mcheze kana kwamba hakuna kilichotokea. Aking'ata tena kwa nguvu, fanya vilevile. Ikifika mara ya tatu mfululizo, toka kabisa, ufunge mlango au geti kati yenu kwa dakika moja.

Dakika moja inaonekana fupi, lakini ukimwacha peke yake nusu saa hatakumbuka kwa nini uliondoka. Kinachomfundisha ni ukaribu wa matendo mawili: meno yamekaza, mwenzangu ametoweka. Sekunde tano zikipita kati ya hayo, somo limepotea. Ndiyo maana kumkaripia jioni kwa kitambaa alichochana asubuhi hakuna maana yoyote kwake.

Wengine hushauri mtu apige ukelele mwembamba, kama kijibwa aliyeumizwa. Jaribu mara mbili tatu na umtazame. Wapo wanaoshtuka na kuacha, na wapo wanaosisimka na kurudi kwa kasi zaidi. Wako akiwa wa kundi la pili, baki na neno lako moja na kimya chako.

Baada ya siku kadhaa utaona mng'ato wa kuumiza umepungua. Hapo kaza kipimo: sasa hata ule usiouma sana unasimamisha mchezo. Endelea kushusha hivyo mpaka meno yake yawe yanagusa tu.

Mpaka hapa wa kufundishwa alikuwa mbwa, lakini mara nyingi tatizo huwa kwa watu. Dada anasema "Acha", kaka anasema "Toka", na baba akirudi kazini jioni anacheza naye mieleka kwa mikono mitupu na kumchekea anapong'ata. Kijibwa hawezi kujua kwamba mkono wa baba unang'atwa na wa mtoto haung'atwi. Kaeni jioni moja mkubaliane: neno moja kwa wote, kitendo kimoja kwa wote, na hakuna mieleka. Mgeni akija, mwambie kabla hajamwinamia.

Hatua ya pili: meno yasiguse mtu

Meno yakishalegea, sheria inabadilika. Sasa jino lolote likigusa ngozi au nguo, hata taratibu, mchezo unasimama. Lakini usimwambie aache tu bila kumwonyesha afanye nini badala yake. Kila anapouelekea mkono, mwekee mdomoni kitu chake cha kutafuna, na akikishika msifu.

Kuna zoezi moja zuri ambalo kila mtu mzima nyumbani anaweza kulifanya kwa dakika tatu. Chukua dagaa mmoja mkavu, umfiche ndani ya ngumi, usogeze ngumi mbele ya pua yake. Ataramba, atakwangua kwa kucha, atajaribu kuguguna vidole. Nyamaza na usifungue. Atakapochoka na kurudisha kichwa nyuma, hata kwa sekunde moja, sema "Vizuri!" na umpe dagaa. Rudia. Baada ya mara chache atakuwa akiiona ngumi anakaa na kungoja. Ongeza muda: sekunde tatu, tano, kumi. Anachojifunza ni kwamba meno hufunga mkono wa mtu na subira huufungua.

Fungu dogo la dagaa la sokoni litatosha wiki nzima ukiwakata vipande. Dagaa wenye chumvi nyingi waloweke kwanza na kubadili maji. Maini ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo yanafaa pia, ila yasiwe na chumvi wala vitunguu, maana vitunguu ni sumu kwa mbwa.

Kwa wasomaji Waislamu wa pwani, na wengine wanaofuata madhehebu ya Shafii, hatua ya kwanza ina ugumu wake, kwa sababu mate ya mbwa ni najisi na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Anayefuga mbwa wa ulinzi kwa utaratibu huo anaweza kuanza moja kwa moja na hatua ya pili. Funga kitambaa au kipande cha kamba nene mwishoni mwa fimbo ya urefu wa mita moja, ukiburuze ardhini acheze nacho, ili mdomo usifike kwenye mwili wako. Dagaa mweke kwenye kisahani au mrushie chini badala ya kumpa mkononi. Na kwa kuwa hatajifunza kipimo cha meno kwako, mpe nafasi ya kucheza na kijibwa mwenzake mwenye afya na aliyechanjwa.

Atafune nini, basi?

Dukani mijini vipo vichezeo vya mpira vya mbwa, lakini huvihitaji. Fulana chakavu ikatwe vipande vitatu virefu, isukwe, ifungwe fundo kila upande. Kama una friji, ilowanishe maji na uigandishe, kwani ubaridi hutuliza fizi zinazowasha. Karoti nzima nayo inafaa. Kamba nene ya katani ni nzuri mpaka inapoanza kufumuka, hapo itupe, kwa sababu nyuzi zikimezwa huweza kuziba utumbo. Chochote unachompa, mtazame anapokitafuna.

Mifupa iliyopikwa usimpe, hasa ya kuku. Najua ndiyo inayobaki sahanini kila Jumapili, na mbwa wengi wa mtaani wanaila. Lakini mfupa ukishapikwa huvunjika vipande vyenye ncha, vinavyoweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Usimpe pia kiatu cha zamani akichezee. Hawezi kutofautisha kiatu cha zamani na kile cha kanisani.

Anapochachamaa jioni

Wengi husema: mchana kutwa alikuwa mpole, kuanzia magharibi amepandwa na wazimu, anakimbia huku na huku na kumng'ata kila mtu. Mara nyingi sababu ni uchovu. Mtoto wa mbwa anahitaji kulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na katika nyumba yenye watoto hapati usingizi huo, maana kila anapofumba macho kuna anayemwamsha acheze. Mtengee boksi au kona yenye gunia, penye kivuli, na iwe mwiko kumgusa akiwa pale. Saa yake ya kuchachamaa ikikaribia, mpe kitu cha kutafuna umpeleke huko. Angalia pia kama ana njaa. Katika umri wa miezi miwili hadi mitatu anapaswa kula mara tatu au nne kwa siku, kidogokidogo. Sahani moja kubwa ya usiku haimfai.

Ukali wa kwenye sahani uzuie sasa hivi, kabla haujaanza. Anapokula, pita karibu naye, udondoshe kipande cha dagaa au nyama kwenye sahani, uendelee na safari yako. Usimnyang'anye chakula ili "azoee". Mbwa anayenyang'anywa hujifunza kwamba mkono unaokuja ni mwizi. Anayeongezewa hufurahi akikuona unakuja.

Watoto wa nyumbani

Hapa naomba usome kwa makini zaidi, kwa sababu watoto ndio wanaoumizwa zaidi na mbwa. Mtoto akikimbia huku anapiga kelele, kwa kijibwa huo ni mwaliko wa kukimbizana. Wafundishe watoto kusimama wima papo hapo anapowafuata, wakunje mikono kifuani na kutazama juu au pembeni, wasipige kelele. Mtu aliyesimama kimya hana utamu wa kuchezewa, na kijibwa huondoka. Wasimwamshe akilala, wasimguse akila, wasimvute mkia, wasimbebe kwa miguu ya mbele. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa, hata akiwa mdogo kiasi gani, hata kwa dakika ya kwenda kuteka maji.

Lakini watoto wasitengwe kabisa na mafunzo. Mtoto wa miaka minane anaweza kabisa kufanya zoezi la dagaa ukiwa umekaa kando yake, na ni vizuri mbwa ajue kwamba hata huyu mdogo naye husikilizwa.

Mbona hujataja fimbo?

Kwa sababu haifanyi kazi tunayoitaka. Ukimpiga kofi la pua, kumbana mdomo au kumtandika kwa ufagio, yatatokea mawili: ama atadhani mchezo umepamba moto na kung'ata zaidi, ama ataogopa mikono. Kijibwa anayeogopa mikono huacha kung'ata kwa miezi michache, kisha akiwa mkubwa humrukia mtu aliyenyoosha mkono kumpapasa. Pia hujifunza kutonguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa kunguruma huja kung'ata bila kuonya. Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko linalotaka mafunzo yote ya mbwa yafanywe kwa kutuza, bila kuumiza wala kutisha. Mimi nakubaliana nalo kwa moyo wote.

Akitoboa ngozi

Hata kama ni kijibwa wako mwenyewe na hata kama ni mchezo, jeraha lililotoka damu lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Huu ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa kwa mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Kijibwa naye anaweza kuwa nao, hasa kama mama yake hakuchanjwa.

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kama hakuna bomba, mtu amimine kwa kata au kopo bila kusita. Usipake majivu, pilipili, mafuta wala unga wa mkaa. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, ueleze ni mbwa wa nani na kama amechanjwa. Mhudumu ataamua kama unahitaji chanjo ya kichaa na sindano ya pepopunda, ule ugonjwa wa kukakamaa mwili unaoingia kwa njia ya vidonda. Chanjo ya kichaa huchomwa kwa awamu: ya kwanza siku ileile, nyingine siku ya 3 na ya 7, na katika baadhi ya ratiba zipo za baadaye. Usiruke hata moja. Mbwa aliyeng'ata asiuawe wala asitupwe mbali. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Lakini wewe usingoje siku hizo ziishe ndipo uende kutibiwa.

Matibabu haya ni ghali. WHO imekadiria kwamba kwa wastani humgharimu mtu dola 108 za Marekani, ukijumlisha nauli na siku za kazi zilizopotea. Kumchanja mbwa ni gharama ndogo sana ukilinganisha, na kwenye kampeni nyingi za serikali hufanywa bure, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kwa nani, lini?

Tanzania, anza na ofisa mifugo wa kata yako. Kenya, uliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Hao ndio wanaojua kampeni inayofuata ni lini na daktari wa karibu yuko wapi. Wanaoishi karibu na Morogoro wanayo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wa Nairobi wanayo kliniki ya wanyama wadogo ya chuo kikuu huko Kabete. Kwa daktari binafsi, uliza bei ya chanjo na bei ya kumwona kabla ya kupanda gari, maana hutofautiana sana. Majirani wawili watatu wakimwita daktari mmoja siku moja, nauli yake wanaweza kuigawana.

Kijibwa huanza chanjo za magonjwa ya mbwa wenyewe, kama parvo inayoharisha damu na kuua haraka, akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16 hivi. Dawa ya minyoo apewe pia, kwa sababu baadhi ya minyoo yake huambukiza watoto wanaochezea mchanga. Chanjo ya kichaa huchomwa akitimiza miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, na kuendelea kama kadi itakavyoonyesha. Itunze kadi hiyo vizuri, kwa sababu siku mtu atakapong'atwa ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Itachukua muda gani?

Kwa nyumba inayoshika utaratibu, nguvu ya meno hupungua ndani ya wiki mbili tatu, na kung'ata kwa mchezo huisha taratibu mpaka meno ya ukubwani yatimie. Katikati kutakuwa na siku mbaya, hasa fizi zinapovimba mwezi wa nne na wa tano. Msibadili utaratibu kwa sababu ya siku hizo.

Yapo mambo machache ambayo si mchezo. Kijibwa anayecheza huwa na mwili laini, mkia unayumba, anainamisha mabega na kuinua matako. Wako akikakamaa mwili, akikodoa macho bila kupepesa, akinguruma kwa sauti nzito juu ya chakula au mahali pake pa kulala, mwone daktari wa mifugo mapema, kwani huenda ana maumivu mahali. Na mbwa wa umri wowote aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza au anayetembea akiyumba, usimguse kabisa. Mfungie kwa mbali, waondoe watoto, umpigie simu ofisa mifugo saa hiyohiyo.

Kama kijibwa wako ametimiza miezi mitatu na hajachomwa chanjo ya kichaa, usingoje kampeni ijayo. Mpeleke wiki hii.